Muuzaji wa Dawa Mbele ya Orodha ya Mlipaji

Kwa miaka mingi kazi ya afisa mauzo wa dawa nchini Uganda ilipimwa kwa idadi ya madaktari aliowatembelea. Alibeba mkoba wa sampuli na vipeperushi, akakaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa mpaka aitwe, kisha akapewa dakika tatu au nne za kueleza ubora wa bidhaa yake. Dakika hizo bado anapewa, ila siku hizi daktari humkatiza mapema kwa swali moja: "Bima wanailipia?" Jibu likiwa hapana, mazungumzo yamekwisha, hata kama dawa yenyewe haina kasoro.

Swali hilo limezaliwa na mfumo wa matibabu yanayosimamiwa na mlipaji, ambamo anayegharimia, awe kampuni ya bima au shirika linalotoza ada ya mwaka na kutoa huduma, ndiye anayeamua mgonjwa atibiwe wapi, kwa dawa zipi na kwa kibali cha nani. Marekani iliupa mfumo huo nguvu kwa sheria ya mwaka 1973 iliyotiwa saini na Rais Richard Nixon, na leo huko yapo makampuni ambayo kazi yao ni kupanga orodha za dawa na kujadiliana bei na watengenezaji. Kwetu mfumo huo bado ni mdogo, kwa sababu wenye bima ya afya ni wachache mno, na mswada wa bima ya taifa uliopitishwa na Bunge Machi 2021 haukuwa sheria. Hata hivyo wachache hao ni wafanyakazi wa mabenki, makampuni ya simu na mashirika, watu wanaoweza kupata dawa ya shinikizo la damu kila mwezi bila kukatisha, na kwa muuzaji mgonjwa wa namna hiyo ana thamani kubwa.

Upande wa serikali muuzaji alishapoteza nafasi zamani. Ada za matibabu katika vituo vya umma zilifutwa mwaka 2001, na sehemu kubwa ya dawa za vituo hivyo hununuliwa na Bohari ya Taifa ya Dawa kwa zabuni. Kituo cha afya cha ngazi ya tatu huletewa shehena yake kila baada ya miezi miwili, na mganga wake hana fungu la kumwezesha kuchagua bidhaa ya kampuni fulani, hata akishawishiwa vipi.

Wanaoitetea orodha ya mlipaji, yaani ya dawa anazokubali kuzigharimia, wana hoja nzito, nami niliyeifanya kazi hii siwezi kuipuuza. Ukipita William Street mjini Kampala utakuta rafu zimejaa amlodipini, dawa ya shinikizo la damu, za majina mengi ya kibiashara, kiambato ni kilekile na bei zinapishana sana. Bila orodha, uamuzi wa mgonjwa atumie ipi hubaki mikononi mwa daktari aliyetembelewa na muuzaji mara nyingi zaidi, pengine aliyeletewa kalenda, chakula cha mchana au tiketi ya semina. Antibiotiki kali ziliandikwa kwa mafua kwa njia hiyo, na usugu wa vijidudu tunaoulalamikia leo umechangiwa na mauzo ya aina hiyo. Mlipaji anayesema "anza na dawa ya bei nafuu iliyothibitishwa" humlinda mwanachama asiishiwe na kiwango chake cha bima cha mwaka kabla ya mwezi wa Julai. Hilo ni jema, na wauzaji tungepaswa kulikubali bila kununa.

Lakini nikumbuke dirisha la duka la dawa la hospitali moja ya Mbale. Nilikuwa nikisubiri oda, mama mmoja akaja na kadi ya bima kuchukua karbamazepini ya mwanawe, ambaye kifafa chake kilikuwa kimetulia kwa zaidi ya mwaka. Mfamasia akatazama kompyuta, akasema: "Mama, hii imetoka kwenye orodha. Chukua hii nyingine, ni dawa ileile, kampuni tofauti." Mama akazishika pakiti mbili, moja kila mkono, akauliza kama mtoto hataanguka tena shuleni. Hakuna aliyemjibu. Hakuna hata moja kati ya dawa hizo iliyokuwa yangu, kwa hiyo sikuwa na mauzo ya kutetea pale. Kwa amlodipini ningemtoa hofu palepale. Kwa karbamazepini na fenitoini, dawa nyingine ya kifafa, nafasi kati ya kipimo kinachosaidia na kinachodhuru ni nyembamba, na mamlaka ya dawa ya Uingereza ilishauri mwaka 2013 kwamba mgonjwa wa kifafa anayetumia dawa hizo abaki na bidhaa ya mtengenezaji mmoja. Aliyeibadilisha orodha ile hakuitofautisha dawa ya kifafa na ya shinikizo la damu. Aliona safu ya bei.

Hapo ndipo ninapoona tatizo halisi. Orodha haikuuondoa ushawishi, imeuhamisha. Zamani nilimshawishi daktari, ambaye angalau alimwona mgonjwa akirudi. Sasa kampuni inamtuma meneja wa mauzo kwenye ofisi ya manunuzi, kunajadiliwa punguzo na bonasi ya makasha, na si daktari wala mgonjwa anayejua kwa nini dawa moja iliingia na nyingine ikatoka. Muuzaji wa chini anabaki na lengo lilelile la mauzo la kila mwezi, ingawa uamuzi haupo tena mahali anapofika. Juu ya hayo anageuzwa mdai: bima inachelewa kuilipa hospitali, hospitali inachelewa kumlipa msambazaji, na siku 30 za mkopo zikifika 90, kamisheni ya muuzaji ndiyo inayozuiliwa.

Nisingependa turudi kwenye zama za kalenda na semina. Ninachodai ni orodha inayosomeka. Mlipaji aichapishe, aandike sababu ya kila dawa inayotolewa, awape taarifa madaktari na wafamasia miezi miwili kabla, na mgonjwa wa kifafa, au anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, aruhusiwe kuendelea na bidhaa yake mpaka daktari wake akubali mabadiliko. Makampuni nayo yawapime wauzaji wao pia kwa ripoti za madhara ya dawa wanazozikusanya vituoni na kuzifikisha kwa Mamlaka ya Taifa ya Dawa, kwa kuwa ndiyo kazi ambayo mtu anayezunguka kutoka Arua hadi Mbarara anaweza kuifanya vizuri kuliko aliyekaa mbele ya safu ya bei.