Msimamizi wa saiti asilipwe kama kibarua

Ukizunguka saiti za ujenzi za Njiro, Kisongo au Usa River, utawakuta wasimamizi wanaolipwa kwa siku sawa na mafundi wanaowasimamia. Mvua ikinyesha hakuna siku, na pasipo siku hakuna hela. Kwangu huo ndio ubovu wa kwanza wa malipo ya wasimamizi Arusha, hata kabla hatujagusa kiasi chenyewe.

Kazi ya msimamizi haiishi mafundi wakiondoka. Slabu ikimwagwa mwishoni mwa Machi, masika yakaingia, mirunda, ile miti ya kuishikilia, lazima ibaki chini yake hadi mhandisi aruhusu kuitoa. Lakini msimamizi wa kutwa keshakwenda Moshi kutafuta siku nyingine. Mirunda inang'olewa mapema ipelekwe saiti ya pili, slabu inabonyea katikati, inaweka nyufa kwa chini, na lawama anabebeshwa muuza saruji.

Kwa hiyo dai mshahara wa mwezi, mvua na jua. Na mtu akikutajia "laki nane", muulize papo hapo: kabla ya makato au mkononi? Kwa Tanzania Bara, 800,000 kabla ya makato inakatwa 80,000 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10. Zilizobaki, 720,000, zinatozwa PAYE, kodi ya mshahara, ya 60,000. Unaondoka na 660,000. Pengo hilo la 140,000 si dogo, likubali ukiwa unalijua.

Mwajiri naye anachangia NSSF 80,000 kutoka mfukoni mwake, pamoja na 4,000 za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Anayekwambia "nitakupa zote mkononi, haya mambo ya makaratasi tuyaache" ameokoa 84,000 zake. Wewe umepoteza 160,000 za akiba ya uzeeni kila mwezi, na siku ukianguka kutoka ghorofani utaanza kuhangaika kuthibitisha kwamba uliajiriwa.

Nauli, vocha na mafuta ya pikipiki viandikwe kando, visimezwe na mshahara.

Linalowaponyoka wengi ni saa za ziada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 kwa wiki, na saa ya ziada inalipwa mara 1.5. Ila kifungu cha 17 kinawaweka nje wanaosimamia wenzao na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Zege likianza saa 1 asubuhi likaisha saa 3 usiku, saidia fundi ana haki ya ziada. Wewe huenda huna, mpaka mkataba wako useme. Basi useme. Chukua 800,000, gawa kwa 4.333, idadi ya wiki kwa mwezi, upate wiki, gawa kwa 45: saa moja ni kama 4,100. Zidisha kwa 1.5, inafika 6,150. Usiku wa zege usikubali chini ya hapo, na kiandikwe kabla nondo hazijaanza kufungwa.