Mgomo wa Moton: Je, wanafunzi walikosea?

Wapo wanaoona kwamba wanafunzi wa Farmville, katika kaunti ya Prince Edward, jimbo la Virginia, Marekani, walichokoza nyuki, na hoja yao ina uzito. Aprili 23, 1951, Barbara Johns, msichana wa miaka 16, aliwaongoza wenzake kugoma katika sekondari ya weusi ya Moton. Walitaka jengo jipya tu. Mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, Oliver Hill na Spottswood Robinson, wakawaambia hawatachukua kesi ya jengo. Watachukua ya kukomesha ubaguzi wenyewe, yaani kuwatenga watoto weusi na weupe shuleni. Mwalimu mkuu akapoteza kazi. Mwaka 1959, kaunti hiyo ikaona heri ifunge shule zote za umma kuliko kuwachanganya watoto.

Zilifungwa miaka mitano. Mtoto aliyepaswa kuanza masomo akiwa na miaka sita aliweza kukaa miaka kadhaa bila kukanyaga darasani, labda awe na ndugu wa kumpokea mbali. Watoto weusi wapatao 1,700 walikumbwa na hali hiyo, na wengi hawakugoma 1951. Walikuwa hawajazaliwa au wangali wadogo. Hasara hiyo hailipiki.

Lakini tuangalie nani alifunga. Watu wazima waliochaguliwa kwa kura ndio waliokataa kutenga kodi ya shule, huku watoto weupe wakifunguliwa shule binafsi. Kumtwika lawama hiyo msichana wa miaka 16 ni kumwonea.

Tena hawakukurupuka. Moton ilijengwa kwa wanafunzi 180, ikabeba zaidi ya 450. Waliozidi walisomea vibanda vilivyofunikwa karatasi ya lami. Mvua ikinyesha, paa lilivuja na mwanafunzi alifungua mwavuli darasani. Wakati wa baridi, wa karibu na jiko aliungua, wa mbali alisoma na koti mwilini. Shauri la mawakili nalo lilijadiliwa na wazazi mkutanoni kabla ya kukubaliwa. Kesi hiyo ndiyo pekee, kati ya tano zilizounganishwa katika hukumu ya Brown ya 1954, ambapo Mahakama Kuu ya Marekani ilipiga marufuku ubaguzi wa rangi katika shule za umma, iliyoanzia kwenye mgomo wa wanafunzi.

Wangesubiri? Wazazi wao walikuwa wameiomba bodi ya shule mara kwa mara, wakiambulia ahadi. Wanafunzi walipogoma na kesi kufika mahakamani, fedha zilipatikana: Moton mpya ilifunguliwa 1953, hukumu ikiwa bado haijatolewa.