Windows Imewakosea Nini?

Kompyuta mpya, vipande vimenunuliwa Kariakoo vikapandishwa boti kuja Unguja, vimefungwa usiku wa jana. Ikiwashwa, feni zinazunguka, taa za rangi zinawaka, skrini nyeusi tititi. Au inaonesha nembo ya mazabodi (ile bodi kuu inayounganisha vipande vyote) kisha inaganda papo hapo. Mwenyewe anauliza kwenye grupu la WhatsApp, na jibu linakuja hata hajamaliza kueleza: "Piga Windows upya." Akiteremka Darajani kutafuta fundi ataambiwa hayo hayo, ila huko atalipa.

Jamani, Windows inakaa kwenye diski. Mashine iliyoganda kabla ya kuigusa diski haijui hata kama Windows ipo. Unaweza kuipiga mara kumi, ukatia na Office na antivairasi juu yake, na skrini ikabaki nyeusi vile vile.

Tazameni vidoti. Vile vidoti vinavyozunguka chini ya nembo ndiyo alama kwamba Windows imeshaanza kazi. Havijatokea? Basi mara nyingi Windows haimo kwenye kesi hii, iacheni. Tafuteni kwenye RAM (kumbukumbu ya muda), nyaya, kadi ya grafiki au BIOS (programu ndogo ya mazabodi inayoamsha mashine kabla ya Windows).

Na hapa ndipo penye balaa kubwa la mashine za siku hizi. RAM za kizazi kipya, DDR5, zinapowashwa mara ya kwanza, mazabodi huanza kuzipima: inajaribu volti na nyakati za mawasiliano kwa kila njia kati ya prosesa na RAM mpaka ipate zinazokubaliana. Wakati huo skrini haioneshi kitu. Si nembo, si herufi, si mlio. Kwenye mazabodi za AM5, hizi za prosesa za AMD Ryzen 7000 kuja juu, kazi hiyo huchukua dakika kadhaa, na ukijaza nafasi zote nne kwa RAM kubwa inaweza kupita dakika kumi. Sasa yakhe anangoja dakika moja, anaona imekufa, anabonyeza swichi mpaka izime. Anawasha tena. Dakika moja, anazima. Kila akizima katikati, upimaji unaanza upya, na yeye kutwa nzima anaizuia mashine isimalize kazi yake, halafu jioni anaandika kwamba ameuziwa mazabodi mbovu! Washeni, mkanywe chai. Robo saa ikipita bila kitu, hapo ndiyo mna haki ya kushika bisibisi.

Ikishawaka, msikimbilie kuwasha EXPO au XMP (mipangilio ya BIOS ya kuipa RAM kasi iliyoandikwa juu yake) siku hiyo hiyo. RAM iliyoandikwa kasi ya 6000 kwa kawaida itaanza na 4800, na hilo si wizi wa muuza duka. Kwanza ihakikisheni imetulia, kisha washeni EXPO, mkijua itajipima tena upya. Na kama kila asubuhi inachukua dakika nzima kufika kwenye nembo, ingieni BIOS mtafute "Memory Context Restore" muiwashe. Inatunza matokeo ya upimaji wa jana. Ikianza kuganda ovyo baada ya hapo, izimeni, maana RAM zenu na kasi hiyo hazipatani. Wenye vipande vinne ndio wanaoumia zaidi: Ryzen 7000 ikiwa na vipande viwili AMD wenyewe wanaahidi kasi ya 5200, ikiwa na vinne wanashuka hadi 3600. Nunueni viwili vikubwa.

Kama bado kimya, angalieni taa nne ndogo pembeni mwa mazabodi: CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (picha), BOOT (diski ya kuwashia). Mazabodi nyingi za sasa zinazo, na iliyobaki inawaka ndiyo inayosema ilipokwama. Ikiwa DRAM, toeni RAM zote mrudishe moja tu, nafasi ya pili kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Bonyezeni mpaka isikike "tak". Mazabodi nyingi zina kishikizo upande mmoja tu, na ule upande usio nacho ndio unaodanganya: kwa macho RAM imekaa, kwa kweli imening'inia. RAM ya mtumba iliyokaa mwaka mzima karibu na dirisha la baharini ipanguseni meno yake kwa alkoholi safi ya isopropili, si kwa mate.

Taa ya CPU mara nyingi ni ule waya wa pini nane wa juu kushoto unaolisha prosesa umeme, ama umesahauliwa ama umelazimishwa wa kadi ya grafiki. Wa prosesa unagawika nne kwa nne, wa kadi sita kwa mbili. Au BIOS ni ya zamani: mazabodi ya B650 (mojawapo ya hizo za AM5) iliyokaa kwenye rafu tangu 2023 huenda isiitambue Ryzen 9000, ambayo imetoka 2024. Kama ina kitufe cha kuandika BIOS kwa flashi, flashi iwe imefomatiwa kwa FAT32 na faili libadilishwe jina kama kitabu chake kinavyoagiza. Wallahi msiguse BIOS bila UPS, ile betri ya akiba. Umeme wetu mnaujua. Ukikatika katikati ya kuandika BIOS, mazabodi inaweza kugeuka kigae.

VGA? Waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Prosesa ya Intel kama i5-12400F haina grafiki ndani, tundu lile la mazabodi halitaonesha kitu mpaka Kiama.

Inayowaka lakini polepole, ng'oeni kila kitu cha USB isipokuwa kibodi: modemu, diski ya nje, simu inayochajiwa. BIOS husimama kukagua kila kimoja. Kisha fungueni Task Manager, kwenye orodha ya programu za kuanzia, msome "Last BIOS time". Ikiwa sekunde hamsini, huko ndiko muda unakoliwa.

Haya, nakubali kwa shingo upande: vidoti vikizunguka bila kikomo, hasa diski ikiwa imehamishwa kutoka mashine ya zamani, kupiga Windows kunaweza kusaidia. Na taa ya BOOT kwenye diski kama hiyo huenda ni mpangilio wa zamani wa diski uitwao MBR tu, ambao amri ya Windows ya mbr2gpt inaubadilisha bila kufuta picha za harusi ya dada yako.

Kwa hiyo fundi akishika flashi ya Windows kabla hajafungua kifuniko, muulizeni taa gani inawaka. Akisema "taa zipi?", chukueni mashine yenu.