Retro ya kanga, shangazi akaingia kwenye timu

Timu yetu ya kutengeneza app ilishachoka retro za boti. Retro ni kile kikao cha kujitathmini kila mwisho wa sprinti, yaani awamu fupi ya kazi. Zile unachora boti ubaoni, upepo ndo vitu vinavyotusukuma, nanga ndo vinavyotukwamisha, kila mtu anaandika kwenye stiki noti "mawasiliano yaboreshwe" halafu huyoo karudi kwenye laptop yake, na sprinti inayofuata ni yaleyale. Bosi akasema safari hii tufanye kitu cha utamaduni wetu bana. Skramu masta, yule anayeongoza vikao vya timu, ndo mimi, nikasema poa, niachieni.

Nikawaza kanga. Kanga ina mji, ina pindo, ina jina. Kwenye mji unasema kilichoenda vizuri, pindo unataja kinachotubana pande zote, na jina, yale maneno ya chini, ndo ujumbe wako kwa mwenzio. Watu wa pwani wanasemana hivyo miaka yote bila kufungua mdomo, mtu anajifunga anapita mlangoni kwako kwenda dukani na hana cha kununua, ujumbe umefika. Wazo lilikuwa safi, hata leo nabishana na mtu.

Kununua doti nzima nzima pale Mtaa wa Uhuru bajeti haikuruhusu, nikaenda kuazima kwa shangazi Magomeni. Shangazi hana hiyana, akanifungia furushi zima. Nilichokuja kukijua baadae ni kwamba kanga zake za heri zote zilikuwa zimeazimwa kwenye harusi ya mtaani, hizo alizonipa mimi ndo alizonunua kipindi kile cha ugomvi na mke mwenzie. Silaha tupu.

Ijumaa mchana nikazimwaga mezani zikiwa zimekunjwa. Kwanza nikawasomea ile kauli ya Norm Kerth, aliyeandika kitabu cha retro, ya mwaka 2001, kwamba tunaamini kila mtu alifanya kadiri ya uwezo wake, watu wakaitikia amina. Nikasema chagua moja umpe mwenzio, atakayepewa anaisoma kwa sauti.

Dogo wa bakendi, yaani upande wa seva, kijana wa Moshi, kanga kwake ni kitu cha kubebea mtoto, akavuta ya kijani na njano kisa Yanga, akampa dada testa wetu wa Tanga, yule anayesaka bagi, yaani makosa ya app, na kuyafungulia tiketi yarekebishwe. "Dada hii yako, asante kwa kutushikia bagi." Dada akaikunjua.

NILIKUDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU.

Akaisoma taratibu kama hakimu anayetoa hukumu. "Ahaa. Kwa hiyo zile tiketi ninazokurudishia ndo adhabu?"

"Dada mi nimeangalia rangi tu."

"Rangi. Sawa mdogo wangu."

Akasogea mezani, na yeye hakuangalia rangi. Akapekua moja moja, akamkabidhi dogo kwa mikono miwili: NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Dogo akaanza, "Naogopa si..." akanyamaza. Meza nzima, malizia! Simu zishatoka zinarekodi. Bosi mwenyewe Simba damu, anagonga meza anasema sheria ya retro ni sheria, dogo anasema bora mnifukuze kazi.

Sasa wakati bosi bado anacheka, yule kaka wa frontiendi, upande anaouona mteja, ambaye retro zote huwa anasema "mi sina la kuongeza" akanyanyuka kimya kimya akamwekea bosi ya kwake. MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Akarudi kukaa. Kicheko kikakata.

Hapo ndo yakamwagika. Kumbe lile sekeseke la wateja kukatwa hela mara mbili, ambalo dogo ndo alibebeshwa, dada testa alishalifungulia tiketi mapema: mtandao ukichelewa kujibu, app inatuma ombi la malipo upya, na huku kwetu hakuna namba ya kutambua kwamba ombi ni lilelile, basi linakatwa tena. Na aliyeifunga tiketi akaandika "sio kipaumbele" ni bosi, tena akaamuru tudeploi, yaani tuachie toleo jipya kwa wateja, Ijumaa jioni. Skramu, huu mfumo wa kazi tunaoufuata, wanasema retro ya sprinti ya mwezi mzima isizidi masaa matatu, ya kwetu ni ya wiki mbili na tukakaa mpaka adhana ya magharibi.

Bosi akaifungua tiketi upya, mhusika dogo. Nikafungasha furushi, naona kuna pengo. Dada testa ameondoka na ile ya dhahabu na adhabu kaitupia begani. Nampigia, ananiambia hairudi mpaka bagi lipite testi.

Shangazi nikamueleza hivyohivyo, maana alikuwa anaitaka, kuna arobaini na yule mwanamke atakuwepo. Sasa kila jioni anampigia dogo wa bakendi, namba sijui kaitoa wapi, anamuuliza, "Baba, bagi limefika wapi?"