Albamu ya kundi, viitikio vya bosi

Nikisikia rapa mwenye jina kubwa anatoa albamu ya kwanza ya kundi lake, kitu cha kwanza ninachotafuta si biti wala ukali wa mistari. Natafuta nani kapewa viitikio. Hapo ndipo utakapojua kama kundi lipo kweli au ni bosi na wapambe wake.

Chukua D12, kundi la rap la Eminem na wenzake wa Detroit. Kundi lilianza 1996, na mhimili wake alikuwa Proof, si Eminem. Wazo lao lilikuwa tamu: watu sita, kila mmoja na nafsi yake ya pili, ndiyo maana wakajihesabu dazeni. Slim Shady, nafsi ya pili ya Eminem, alizaliwa humo. Wakapeana na ahadi kwamba atakayetoka kwanza atarudi kuwachukua wenzake. Eminem akatoka, tena akatoka kwelikweli: mwaka 2000 albamu yake The Marshall Mathers LP iliuza zaidi ya nakala milioni 1.7 kwa wiki moja tu nchini Marekani. Na kweli akarudi. Juni 2001 D12 wakatoa Devil's Night chini ya lebo yake, Shady, ikaingia namba moja moja kwa moja kwenye chati ya albamu ya Billboard. Ahadi alitimiza, hilo simnyimi.

Sasa isikilize. Eminem ndiye anayebeba viitikio vya nyimbo zilizosukumwa redioni, Purple Pills na Fight Music. (Ya kwanza hiyo ilibidi igeuzwe Purple Hills, vidonge vikawa vilima, ili redio ziipige.) Kiitikio ndicho kinachobaki kichwani mwa msikilizaji. Sauti iliyokwisha kuuza mamilioni ikishika kila kiitikio, wengine watano wanakuwa wageni kwenye nyumba yao wenyewe. Bizarre anaponea kwa sababu ana vituko. Anasema maneno ambayo mtu mwenye haya angeyameza, na huwezi kumchanganya na mwingine. Proof anaponea kwa sababu ana uzito wa mtu mzima. Lakini Kuniva, Swift na Kon Artis? Wanachana vizuri, naamini hivyo mpaka leo, ila mpe msikilizaji wa kawaida beti zao bila majina uone kama atajua ipi ya nani.

Kinachonikera zaidi ni mwisho wa albamu. Wimbo wa kufungia uliofichwa, Girls, ni Eminem peke yake akimaliza bifu lake na bendi ya roki ya Limp Bizkit. Yaani albamu ya kwanza ya kundi, watu wamesubiri miaka, na neno la mwisho linakwenda kwenye ugomvi wa bosi ambao wenzake haukuwahusu. Ningekuwa na sauti studio, ningeutoa huo na nafasi yake ningempa Proof.

G-Unit, kundi la 50 Cent, walikuwa na tatizo lilelile, wakapona kidogo. Albamu yao ya kwanza, Beg for Mercy, ilitoka Novemba 2003, mwaka uleule ambao 50 Cent alikuwa ameuza nakala 872,000 za albamu yake Get Rich or Die Tryin' katika siku zake za mwanzo sokoni. Mwenzao Tony Yayo alikuwa gerezani, anasikika kwa uchache tu. 50 naye hakuwa mchoyo wa viitikio vyake mwenyewe, alivijaza. Kilichowaokoa ni kwamba sauti hazifanani. Lloyd Banks anakwaruza taratibu kama mtu asiye na haraka ya kukutukana, na Young Buck anakuja na lafudhi ya Nashville, kusini mwa Marekani, ambayo huwezi kuisikia ukadhani ni kijana wa Queens, New York. Tofauti hiyo peke yake iliwapa nafasi ya kupumua.

Watetezi wa D12 huniambia bila Eminem hakuna ambaye angeinunua albamu ile. Kweli. Lakini jina lake lilikwisha kuuza pale kwenye jalada. Ndani ya nyimbo angeweza kukaa pembeni. Wenyewe walilijua tatizo hili. Mwaka 2004 wakatoa My Band, wanajitania kwamba watu wanamwona mmoja tu na kuwasahau wengine. Wimbo huo ukafika kumi bora Marekani, juu kuliko wimbo wowote waliowahi kutoa. Na kiitikio chake kaimba nani? Eminem.