Sahani Mkononi, Mlango Hakuna

Igeuze tena laptopu yako. Kushoto kuna tundu la chaji na kijitundu cha USB-C. Kulia kuna tundu la vipokea sauti. Nyuma hamna kitu, chini ni skrubu na stika. Itikise kama nazi ukipenda, hiyo laptopu haina pa kuingizia CD na haitaota mlango kwa kutazamwa. Na mkononi umeshika sahani ya milimita 120, diski ya programu unayotaka kuisakinisha, halali kabisa, na kasha lake na namba yake ya siri, ya enzi zile ambazo programu ilikuwa kitu cha kushikika.

Megabaiti 700 tu jamani, kama ni CD. Kama ni DVD ya tabaka moja, gigabaiti 4.7. Simu iliyo mfukoni inabeba hizo mara kumi na haijisifu. Lakini megabaiti zako zimekaa nje kama mkwe aliyefungiwa mlango.

Wajuaji hawakosi. "Si uchukue kisoma CD cha nje!" Ahsante, mwalimu. Kisoma cha nje kinakula umeme wa USB, na tundu la USB 2.0 limeruhusiwa kutoa miliampea 500, la USB 3.0 miliampea 900. Diski inapoanza kukimbia, mota inataka kuvuta kuliko ilichopewa. Ndiyo maana vingine huja na waya wenye mikia miwili, mmoja wa kazi na mmoja wa kwenda kuomba umeme tundu la jirani. Laptopu yenyewe tundu moja, jirani atoke wapi? Basi utasikia tk, tk, tk, kisoma kinatoweka kwenye orodha, kinarudi, kinatoweka tena usakinishaji ukiwa katikati. Hapo usiilaumu diski. Chomeka moja kwa moja kwenye laptopu, na kama lazima upitie habu, yaani kile kigawa matundu ya USB, iwe habu yenye chaja yake. Ile ndogo isiyo na chaja inagawa umaskini tu.

Na diski ifute kutoka katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka, kwa kitambaa laini. Usiizungushie kitambaa kama unaosha sahani ya wali! Data imepangwa kwa kuzunguka, kwa hiyo mkwaruzo wa mzunguko unafuata njia ileile na kufuta mengi yaliyopangana, hata ile hesabu ya kusahihisha makosa inanyoosha mikono.

Asiye na kisoma cha nje atafute kompyuta kongwe yenye mlango, aigeuze diski kuwa faili la ISO, yaani diski nzima katika faili moja. Kwenye Windows kuna ImgBurn, unachagua kutengeneza faili kutoka kwenye diski. Kwenye Linux ni amri ya dd, kutoka /dev/sr0 kwenda faili unalolitaka, basi. ISO hiyo unaihamisha kwa flashi. Ukifika kwenye laptopu, kuanzia Windows 8 unalibofya faili mara mbili na kompyuta inajifanya ina DVD. Windows 7 haijui mchezo huo, inataka programu ya pembeni kama WinCDEmu.

Flashi nayo ina vituko vyake. ISO ya DVD ina gigabaiti 4.3, flashi ina nafasi ya 32, unanakili, inakuambia faili ni kubwa mno. Kubwa kwa nani? Ni kwamba flashi imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na FAT32 haipokei faili moja linalofika gigabaiti 4, hata kama nafasi ni pana kama uwanja wa mpira. Ifomati kwa exFAT au NTFS. Vilivyomo vitafutika, kwa hiyo toa kwanza zile picha za harusi.

Sasa tumfikie mheshimiwa mwenyewe, setup.exe, lile faili linalosakinisha programu.

Huyu bwana ni karani wa zamani. Ana dirisha dogo la kijivu, mstari wa buluu unaosogea kwa mapozi, na ameajiriwa kuamini jambo moja tu: duniani kuna diski, na diski inakaa mlangoni. Ukimletea yaliyomo bila diski, yaani umenakili mafolda kwenye flashi ukaona umemaliza kazi, wengine wa kabila lake watakupokea vizuri. Wengine watauliza kwanza: hii ni diski ya CD kweli, au ni flashi? Jina lake ni lilelile la kiwandani? Maana kila CD ina jina la ndani, na ukinakili mafaili peke yake jina halifuati. ISO inalibeba jina, tena Windows inaitambulisha kama DVD. Kwa hiyo karani anaridhika, anapiga muhuri, mstari wa buluu unasogea. Asilimia 20. Asilimia 45. Unaenda kuchemsha chai ukiwa na raha zako. Asilimia 62, anasimama.

— Tafadhali ingiza diski ya 2.

Sawa. Diski ya 2 ipo, ISO yake umeiandaa. Unaibofya, inafunguka. Unabofya "Endelea" kwa heshima zote.

— Tafadhali ingiza diski ya 2.

— Shikamoo mzee. Ipo, imeshaingia.

— Tafadhali ingiza diski ya 2.

— Mzee, tazama mwenyewe, ipo kwenye herufi F.

— Tafadhali ingiza diski ya 2.

— F, mzee! Herufi ya sita! Hatua moja kutoka hapo ulipokaa!

— Tafadhali ingiza diski ya 2.

Unaweza kumpigia magoti, hatageuka. Alipokelewa kwenye E, atakufa kwenye E. Diski ya 1 bado imekaa E, kwa hiyo Windows imeipa ya 2 herufi iliyofuata, na mzee hajawahi kuambiwa kwamba kompyuta inaweza kuwa na milango miwili. Dawa yake: usibofye "Ghairi", mwache hapo na swali lake. Nenda kwenye orodha ya diski, bofya kulia kwenye E, uitoe. Itatoka bila ugomvi, maana programu ya diski nyingi hujinakili kwanza kwenye folda ya muda, la sivyo hata zamani hakuna ambaye angeweza kubadilisha diski. Itoe na ile F. Kisha fungua upya ISO ya diski ya 2. E iko wazi sasa, kwa hiyo ya 2 inaingia E. Bofya "Endelea".

Mstari unasogea. Wala hasemi ahsante.

Kama dirisha lake lina kitufe cha kuchagua mahali, huna haja ya sarakasi hiyo, mwelekeze F. Na kuna ukoo mwingine unaokubali ukiweka folda mbili jirani, Disk1 na Disk2, ukaanzisha setup kutoka ya kwanza, anatembea mwenyewe hadi ya pili. Mpole kabisa. Kwa nini wasizaliwe wote hivyo?

Anafika asilimia 100, unapumua, na yeye anasema kompyuta lazima izimwe na kuwashwa upya ili amalizie. Unakubali. Inawaka, anaamka, anatazama E. Hakuna kitu E! ISO iliyofunguliwa kwa kubofya haibaki kompyuta ikizimwa.

— Tafadhali ingiza diski ya 1.

Salale! Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Ifungue tena, mpe, ondoka mbele yake kabla hujasema neno la aibu.

Wapo makarani wasiofunguka kabisa. Programu nyingi za miaka ya 1990 ni za biti 32 lakini kisakinishi chake ni cha biti 16, kizazi kilichotangulia, na Windows ya biti 64 haiendeshi chochote cha biti 16. Windows inavitambua baadhi ya visakinishi hivyo na kuweka kibadala chake kimyakimya. Vilivyobaki vinataka mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta, kama ya VirtualBox, yenye Windows ya biti 32 ndani yake. Huko ISO unaipachika kwenye CD ya mashine pepe yenyewe.

Magemu yaliyolindwa kwa SafeDisc, ile kinga ya kuzuia diski isinakiliwe, hata usihangaike na ISO. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 haikuja na draiva yake, yaani kiprogramu cha kuiendesha, kwa sababu za usalama, kwa hiyo hata diski ya asili kwenye kisoma cha asili inaonekana ya wizi. Gemu lenye muziki wa CD ukilifanya ISO litacheza bubu, linataka jozi ya mafaili ya BIN na CUE, yanayobeba na muziki.

Halafu kuna kile kidude cha Wi-Fi cha USB, kidogo kama kucha, ambacho draiva yake iko kwenye CD. Draiva ungeipakua, lakini huna Wi-Fi. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, pakua, nyamaza. Na CD yake ile ndogo ya milimita 80 usiisukume kwenye kisoma kisicho na trei, kile cha kumeza. Itamezwa, kuitoa ni bisibisi.

Umefika kwenye namba ya siri. Herufi na tarakimu 25, zimechapwa kwa maandishi ya kusomwa na siafu. Hii ni B au 8? Angalau namba za Windows XP hazina kabisa O wala sifuri, hazina I wala 1, kwa hiyo duara lolote ulionalo ni Q au D. B na 8 zote zimo, wamekuachia.

Namba yenyewe imebandikwa nyuma ya kasha, na hilo kasha sijui lilibuniwa na nani. Diski imebanwa na meno ya plastiki katikati. Unatakiwa ubonyeze yale meno kwa kidole, ndipo uinue diski kwa kingo. Nani alibonyeza? Kila mtu aliivuta kwa ukingo mmoja ikajikunja kama chapati, na nyufa za diski zinaanzia palepale kwenye tundu la kati. Meno matatu yamekatika zamani, yamebaki humo ndani, kasha ukilishika linalia kama kayamba. Na hayo ndiyo yaliyoikwaruza diski ya 2.