Bwawa la uani: maji yakipungua, nani atajibu?

Bwawa limejazwa wiki mbili zilizopita na maji yanashuka. Kuna jaribio la ndoo ambalo watu wa mabwawa wote wanalijua. Unajaza ndoo maji, unaiweka kwenye ngazi ya bwawa ikiwa imezama nusu, unatia alama ya usawa wa maji ndani ya ndoo na nyingine ya usawa wa bwawa, unazima pampu, kisha unasubiri saa 24. Jua na upepo hunyonya maji karibu sawasawa pande zote mbili. Bwawa likishuka kuliko ndoo, linavuja. Jaribio halina gharama wala halihitaji fundi, ila halikuambii nani atalipa.

Fundi bomba atasema mabomba yake yalikuwa mazima mpaka wapiga zege walipoyakanyaga. Wapiga zege watasema zege lao halina kasoro, mwulize fundi vigae aliyechokonoa kuzunguka taa. Fundi vigae atasema yeye aliukuta ufa. Na inawezekana kabisa kwamba hakuna anayedanganya, kila mmoja anaeleza alichokiona siku yake. Mwenye nyumba aliyempa kazi mkandarasi mmoja hayamhusu mabishano hayo, anapiga simu moja tu. Aliyesimamia ujenzi mwenyewe, akiita fundi mmoja mmoja, ndiye mkandarasi, kwa hiyo simu hiyo inaita mfukoni mwake.

Nimeanza na kuvuja makusudi. Mjadala wa kusimamia ujenzi wa bwawa lako mwenyewe huwa unaanza na pesa, na ukianzia kwenye pesa jibu linakuwa jepesi mno.

Si kwamba hoja ya pesa ni ya uongo. Mkandarasi wa mabwawa mara nyingi hachimbi, hasuki nondo na habandiki vigae. Anaita mafundi walewale ambao na wewe ungeweza kuwaita, halafu juu ya bei zao anaweka faida yake, gharama za ofisi, na fungu la makosa ambayo anajua lazima yatatokea mahali fulani. Ukimwondoa, vyote vitatu vinabaki kwako. Faida na ofisi ni akiba halali. Lile fungu la tatu si akiba hata kidogo, kwa sababu makosa hayakuondoka na mkandarasi. Watu wengi hulihesabu kama pesa iliyookolewa na kulimalizia kwenye vigae vya kupendeza zaidi. Mimi ningelifungia na nisiliguse mpaka bwawa litimize mwaka likiwa na maji.

Hoja nzito zaidi ya kusimamia mwenyewe, kwa maoni yangu, ni ile ya kazi zitakazofunikwa. Nondo zinatakiwa zikae ndani ya zege, si kulala juu ya udongo. Zikilala kwenye udongo zinapata unyevu, zinaota kutu, kutu inavimba, na zege linapasuka kutokea ndani miaka kadhaa baadaye. Kinachozuia hayo ni vipande vidogo vya zege vya kuinulia nondo, vile ambavyo mafundi huviita biskuti. Gharama yake ni ndogo sana, na ndivyo vinavyosahaulika kwanza siku ya haraka. Mwenye nyumba anayezunguka shimoni jioni na futi kamba atayaona hayo. Msimamizi wa mkandarasi mwenye mabwawa matano kwa wakati mmoja pengine hatapita.

Kumwagilia zege ni mfano mwingine. Zege halikauki kama nguo, linakomaa kwa maji. Linataka kuwekwa mbichi kwa siku 7 angalau, na nguvu yake hupimwa kwa kawaida likifikisha siku 28. Nani atashika mpira wa maji asubuhi, mchana na jioni wiki nzima? Mkandarasi mwenyewe mara nyingi humwomba mwenye nyumba afanye hivyo. Kwa hiyo hata ukilipa bei kamili, sehemu ya kazi inakurudia.

Na wasio mafundi si kwamba hawana lao katika fani hii. Mashine ya kurusha saruji na mchanga kwa presha ya hewa, njia ambayo mabwawa mengi ya leo hujengwa nayo, ilibuniwa mwaka 1907 na Carl Akeley, mtu wa jumba la makumbusho la Chicago ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza wanyama waliokaushwa kwa maonyesho. Alitafuta namna ya kupaka upya kuta za jengo. Tofauti ni kwamba Akeley aliweza kujaribu, kukosea na kujaribu tena. Shimo lako ni moja.

Hapo ndipo upande wa pili wa mizani unapoanza kushuka. Chukua bwawa la kawaida la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5. Hizo ni lita 48,000 za maji, yaani tani 48. Shimo lenyewe, ukiongeza unene wa kuta na nafasi ya kufanyia kazi, linakaribia meta za ujazo 80, na udongo ukichimbuliwa unafumuka. Lori la meta za ujazo 10 litakwenda safari kumi hivi. Je, kijiko cha kuchimbia kinapita pembeni ya nyumba? Kikiingia, kitatokea wapi shimo likishakuwepo? Maswali haya ni ya kitoto hadi siku kijiko kinapokuwa kimesimama upande usiofaa wa shimo, na kinalipiwa kwa saa.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka walione: bwawa tupu linaweza kuelea. Bakuli la zege la ukubwa huo, kuta na sakafu zikiwa na unene wa sentimita 20, lina uzito wa tani 36 hivi. Maji ya ardhini yakipanda mita moja juu ya chini ya bakuli, yanalisukuma kwa nguvu ya takriban tani 37. Fanya hesabu. Likiwa na maji ndani halina shida. Likimwagwa wakati ardhi imelowa linanyanyuka, linakata mabomba, na halirudi mahali pake. Dawa yake inajulikana: changarawe chini ya bakuli, bomba la kupimia na kuvuta maji ya chini, na valvu sakafuni inayofunguka maji ya nje yakizidi. Vyote hivyo huwekwa kabla ya zege. Fundi mchimbaji hataviulizia, kwani yeye kaitwa kuchimba. Fundi bomba naye kaitwa kufuata mchoro. Kama mchoro haukuchorwa na mhandisi aliyeuona udongo wa hapo, hakuna aliyeitwa kufikiria habari hiyo isipokuwa wewe.

Ukichunguza mabwawa yaliyoharibika utakuta jambo hilo likijirudia. Kila fundi anaweza kuwa hodari kwa lake, na tatizo likatokea mahali kazi ya mmoja inapokutana na ya mwingine. Mabomba hutakiwa yajazwe maji, yafungwe, yawekewe saa ya presha, na yaachwe hivyo wakati zege linapigwa, ili mshale ukishuka mjue papo hapo, zege likiwa bado laini. Nani anauangalia mshale? Fundi bomba alishalipwa na kuondoka jana. Wapiga zege wanawahi kumaliza. Na wakati huohuo kuna mabaki ya zege linalorushwa yanayodunda ukutani na kuanguka sakafuni, ambayo yanafaa kutupwa, lakini yanawatamanisha watu kuyakusanya na kuyafanya ngazi. Ngazi hizo zitaonekana nzuri, lakini hazina nguvu. Siku ya zege ni siku moja, na anayesimamia asiwe na pahali pengine pa kuwa.

Halafu kuna suala la nguvu ya kuita watu. Fundi wa vigae anapewa kazi na mkandarasi kila mwezi, na wewe utampa kazi mara moja maishani. Mkandarasi akimwambia njoo Jumanne, atakuja Jumanne. Wewe ukimwambia, atakuja Jumanne isipokuwa mkandarasi ameita. Wala si ukosefu wa adabu, mtu analinda riziki yake. Lakini kuchelewa kwake kunamchelewesha fundi plasta, na fundi plasta akipoteza zamu yake kwako, zamu inayofuata haijulikani. Ulichonacho wewe ni malipo tu. Unayapanga kwa hatua, hutoi kubwa mbele, na unabakiza kiasi mpaka mwisho. Hiyo ni faida ya kweli kwa anayesimamia mwenyewe, maana makandarasi wengine hudai sehemu kubwa ya pesa kabla jembe halijagusa ardhi, na wapo wanaofilisika shimo likiwa wazi.

Karatasi nazigusa kwa kifupi. Sehemu nyingi, anayechukua kibali kwa jina lake anabeba pia wajibu wa mwajiri: mtu akiumia shimoni, anatafutwa mwenye kibali. Bima ya nyumba mara nyingi haigusi kazi za ujenzi. Uliza kwa maandishi kabla, na dai bima ya kila fundi anayeingia.

Yapo mambo mawili ambayo siyaweki kwenye mizani kabisa. La kwanza ni umeme. Nondo, ngazi za chuma, fremu ya taa, mwili wa pampu na vyuma vyote vya karibu huunganishwa pamoja kwa waya ili pasiwe na tofauti ya umeme kati yake, saketi zinalindwa na kikatio kinachokata umeme unaovuja ukifika miliampia 30, na taa za majini ni za volti 12. Kazi hiyo ni ya fundi umeme mwenye leseni, akikaguliwa na mwingine. La pili ni mfyonzo wa pampu. Mwaka 2002 nchini Marekani mtoto wa miaka 7, Virginia Graeme Baker, alizama baada ya kunaswa na mfereji wa kufyonza maji kwenye beseni la maji moto, na sheria yenye jina lake ikapitishwa mwaka 2007. Ndiyo maana siku hizi huwekwa mifereji miwili yenye nafasi kati yake, na vifuniko visivyoweza kuzibwa na mwili. Ufaransa nayo, kwa sheria ya mwaka 2003, ilidai mabwawa ya majumbani yawe na kinga kama uzio, kifuniko au king'ora. Uzio usiwe kitu cha kungojea pesa ikipatikana. Uwepo kabla ya maji.

Sasa hukumu yangu, na ina upande. Bwawa la faibaglasi linaloletwa likiwa zima, kwenye udongo mgumu usio na maji karibu, mtu makini anaweza kulisimamia: sehemu ambapo kazi za mafundi hukutana ni chache na bakuli lina dhamana ya kiwanda. Bwawa la zege kwenye mteremko, au penye maji ya ardhini, simshauri mtu anayelijenga kwa mara ya kwanza.

Katikati pana njia isiyozungumzwa sana, labda kwa sababu haina wa kuinadi. Unaikata kazi vipande viwili. Mchoro, uchimbaji, mabomba, nondo na zege unampa mtu mmoja kwa mkataba mmoja, pamoja na jaribio la maji: bakuli linajazwa kabla ya plasta na vigae, linakaa siku kadhaa, ndoo inawekwa kwenye ngazi, na hapokei malipo ya mwisho mpaka alama mbili zilingane. Mhandisi asiye wake unamlipa kwa siku, aje mara tatu: shimo likiwa wazi, nondo zikiwa zimefungwa, na siku ya zege. Baada ya hapo unashika usukani mwenyewe kwa plasta, vigae, sakafu ya pembeni na bustani. Huko kigae kikikaa vibaya kinabanduliwa na kurudishwa ndani ya wiki, na hakuna tani 48 juu yake.